Diski za Filamu za Kukodi Zisizo na Nyongeza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya watu wa aina mbili: aliyeko Marekani au Ulaya anayechagua DVD na Blu-ray kwenye maduka ya mitumba, na aliyeko nyumbani anayeletewa diski hizo na ndugu zake. Wote hukutana na jambo moja. Diski ni halali, haina mikwaruzo, filamu inacheza vizuri, lakini mahojiano, vipande vilivyokatwa na sauti ya mwongozaji havimo. Mengi hapa yanahusu Marekani, kwa kuwa huko ndiko mgogoro wa diski hizi ulikotokota.

Nimebonyeza sehemu ya nyongeza kwenye menyu, likatokea tangazo kwamba diski hii ni ya kukodi. Imeharibika?

Haijaharibika. Umepata toleo la kukodi. Kwa filamu nyingi, studio zilikuwa zikitengeneza matoleo mawili: moja la kumuuzia mtazamaji dukani, jingine la kuwapa wakodishaji. Katika hilo la pili filamu ipo nzima, ila nyongeza zimeondolewa. Studio nyingine ziliacha kitufe cha nyongeza kwenye menyu makusudi. Ukikibonyeza unaelezwa kwamba diski ni ya kukodi, ina filamu peke yake, na kwamba ukitaka kuona mengine ununue nakala yako. Diski nyingine hazina hata kitufe hicho: kuna kucheza filamu, kuchagua sehemu, kuchagua lugha, basi.

Usihangaike kuifuta kwa kitambaa wala kubadilisha deki. Utapata tangazo lilelile.

Kwa hiyo ni diski feki?

Hapana. Diski feki tunazijua: filamu ishirini zimebanwa kwenye DVD moja, sura za watu zinakatika vipande kila kamera ikisogea, na jalada lina picha ya filamu nyingine kabisa. Toleo la kukodi limetoka kiwandani kwa agizo la mwenye filamu. Ni halali, limepunguzwa tu.

Nyongeza zenyewe ni kitu gani, na kwa nini mtu azililie?

Ni kila kilichomo kwenye diski zaidi ya filamu: vipande vilivyokatwa, mahojiano na waigizaji, filamu fupi inayoonyesha jinsi kazi ilivyofanyika, michoro ya matukio kabla hayajapigwa picha, vionjo vya asili, na ile sauti ya mwongozaji au mpiga picha akieleza filamu tangu mwanzo hadi mwisho huku picha zikiendelea.

Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na historia yake inajulikana. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ilitoa King Kong, filamu ya 1933, kwenye diski kubwa za leza zilizotangulia DVD. Diski hizo zilikuwa na njia mbili za sauti. Njia moja ikabeba sauti ya filamu, nyingine wakampa Ronald Haver, mtaalamu wa filamu wa jumba la makumbusho la sanaa la Los Angeles, azungumze. Akaeleza yule sokwe alivyotembezwa, picha kwa picha, na mengine mengi ambayo mtazamaji asingeyajua kwa kutazama tu. Miaka ya DVD ilipofika jambo hilo likawa la kawaida, na filamu ya kila aina ikaja na maelezo yake.

Fikiria kijana wa Tabora au Kisumu anayetaka kupiga picha za filamu na hana ada ya chuo. Kwake, saa mbili za mwongozaji akieleza kwa nini aliweka kamera chini badala ya juu, kwa nini alimwacha mwigizaji akose mstari na asirudie, na fedha zilivyomwishia wiki ya tatu, ni darasa kamili. Hakuna kitabu kinachofundisha vile, maana kosa na dawa yake unaviona papo hapo kwenye kioo. Mafundi wengi waliozungumza kwenye diski hizo wameshafariki, na mengi waliyoyasema hayakuandikwa popote pengine. Kwa hiyo diski inapotolewa bila nyongeza, kinachopunguzwa ni kumbukumbu ya kazi yenyewe, na anayekosa ni yule ambaye hakuwa na dola ishirini za kununua.

Kwa nini studio zilitoa matoleo mawili ya filamu ileile?

Kwa sababu ya fedha, lakini hesabu yenyewe inafaa kuelezwa, maana ina mizizi mirefu.

Duka la George Atkinson la Los Angeles, lililofunguliwa mwaka 1977, ndilo hutajwa kuwa la kwanza kukodisha kanda za filamu Marekani. Mwaka huohuo Andre Blay na kampuni yake ya Magnetic Video walikuwa wamepata idhini ya kuuza filamu 50 za 20th Century Fox kwenye kanda. Studio hazikufurahia kuona kanda moja ikikodishwa mara mia huku zenyewe zimelipwa mara moja. Njia waliyoitumia ilikuwa bei. Kanda ya filamu mpya ikauzwa karibu dola 80 hadi 100: mwenye duka aliimudu kwa kuwa ingemrudishia, familia ya kawaida ilisubiri miezi mpaka bei ishuke. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Blockbuster, kampuni ya maduka ya kukodisha filamu, ikakubaliana na studio kugawana mapato, duka lipate kanda nyingi kwa bei ndogo na studio ipate fungu katika kila ukodishaji.

DVD iliingia Marekani mwaka 1997 na kuuvuruga utaratibu huo. Tangu mwanzo iliuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, nayo ikanunuliwa kwa hamu. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 Hollywood iliegemea sana mauzo hayo. Kumbuka kwamba katika kila diski iliyouzwa dukani studio ilibaki na kipande kinene cha bei.

Kisha wakaja Netflix, walioanza kupeleka DVD kwa posta mwezi Aprili 1998, na Redbox, zile mashine nyekundu zilizoanzia ndani ya McDonald's mwaka 2002 na baadaye kusambaa kwenye milango ya supamaketi nchi nzima. Redbox ilikodisha kwa dola moja kwa usiku. Mtu anasimama mlangoni: ndani filamu inauzwa dola 20, nje inakodishwa dola 1. Uchumi ulipotikisika mwaka 2008, wengi walichagua mlangoni.

Studio zikajiuliza ni kitu gani kitakachomfanya mtu aingie ndani. Jibu likawa mambo mawili: kumcheleweshea mkodishaji filamu, na kumpa diski pungufu. Yote mawili yalikwenda pamoja, ndiyo maana huwezi kueleza moja bila jingine.

Huko kucheleweshwa kulikuwaje?

Studio kadhaa zilikataa kuiuzia Redbox diski siku filamu inapotoka madukani. Redbox ikaishtaki Universal mwezi Oktoba 2008, kisha Fox na Warner Bros. mwaka 2009. Wakati kesi zikiendelea, watu wa Redbox walikuwa wakienda kwenye maduka kama Walmart kununua diski kwa bei ya rafu na kuzijaza kwenye mashine zao. Tukio hilo lina matokeo unayoweza kuyaona hata leo: diski zilizonunuliwa hivyo zilikuwa za dukani, zenye nyongeza zote, kwa hiyo hata filamu iliyopita kwenye mashine za Redbox unaweza kuipata ikiwa kamili.

Mwaka 2010 wakapatana. Netflix ilitangulia mwezi Januari kwa mkataba na Warner: ingesubiri siku 28 baada ya filamu kuanza kuuzwa, na badala yake ingenunua diski kwa bei nafuu zaidi na kupata filamu zaidi za kuonyesha mtandaoni. Redbox nayo ikakubali siku 28 na Warner mwezi Februari, kisha na Universal na Fox mwezi Aprili. Warner baadaye ilitaka siku ziwe 56.

Diski pungufu zilianza lini kuonekana kwa wingi?

Mwaka 2009. Filamu iliyowafanya watu wengi walijue jambo hili ni Slumdog Millionaire, na ni kwa sababu ya kosa la kiwandani. Fox iliandaa diski mbili tofauti, ya kuuza na ya kukodi, filamu ilipotoka madukani mwisho wa Machi 2009. Baadhi ya diski za kukodi zikaingizwa kwenye majalada ya kuuza. Watu wakanunua jalada linaloorodhesha maelezo ya mwongozaji na vipande vilivyokatwa, wakafungua, wakakuta filamu tupu. Fox iliomba radhi na kuweka utaratibu wa kubadilishia wanunuzi. Kabla ya hapo wakodishaji wengi hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba diski wanayopewa ni tofauti na ya dukani.

Lakini hata kabla ya 2009 nilikuwa nikikodi na sioni nyongeza. Ilikuwaje?

Hiyo ni sababu nyingine. Filamu nyingi ziliuzwa katika jalada lenye diski mbili, ya kwanza ikiwa na filamu na ya pili nyongeza. Mkodishaji wa posta au wa mashine alikupa ya kwanza tu. Netflix iliorodhesha baadhi ya diski za pili kama kitu cha kukodi peke yake, ukiitaka uiweke kwenye foleni yako. Watu wachache walijua hivyo, na waliojua walifaidi. Hapa studio haikupunguza kitu, diski moja tu ilibaki ghalani.

Sheria inaruhusu studio kufanya hivi?

Ndiyo, na inashangaza kidogo ukijua kwamba sheria hiyohiyo ndiyo iliyomlinda mkodishaji. Kifungu cha 109 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinasema aliyenunua nakala halali anaweza kuiuza au kuiazimisha bila kuomba ruhusa ya mwenye kazi. Hiyo ndiyo kanuni ya mauzo ya kwanza. Bunge la Marekani liliondoa rekodi za muziki kwenye uhuru huo wa kukodisha mwaka 1984, na programu za kompyuta mwaka 1990. Filamu ziliachwa. Kwa hiyo studio haikuweza kumzuia Redbox kukodisha diski aliyokwisha kuinunua. Ilichoweza ni kuamua imuuzie nini, lini na kwa bei gani, na hapo ndipo toleo la kukodi lilipopata nafasi.

Ulaya mambo ni tofauti. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1992 lilimpa mwenye kazi haki ya kuamua kama nakala ikodishwe au la, ndiyo maana diski za Uingereza hubeba onyo la kutokodishwa. Japani nako diski za kukodisha hutengenezwa mbali na za kuuza, na mtu aliyezoea maduka ya kukodisha ya Tsutaya hushtuka kidogo sana akikuta diski haina nyongeza.

Maoni yangu ni haya: studio ina haki ya kutengeneza bidhaa ya bei nafuu. Kosa ni kutomwambia mkodishaji. Kwenye mashine nyekundu palikuwa na picha ya jalada, jina la filamu na bei, lakini alama ya kukujulisha kwamba diski hii ni pungufu hukuiona. Mtu alijua akiwa ameshafika nyumbani na ameshalipa.

Filamu yenyewe imekatwa?

Kwa kawaida hapana. Dakika ni zilezile za sinema. Tofauti inaweza kutokea filamu iliyouzwa dukani ikiwa na matoleo mawili, lile la sinema na lile refu lisilopitia ukaguzi wa daraja la umri. Diski ya kukodi mara nyingi hubeba la sinema peke yake.

Na sauti?

Hapa kuna tofauti halisi kwenye Blu-ray. Diski ya kuuza kwa kawaida huwa na sauti isiyobanwa kwa kupoteza kitu, kama DTS-HD Master Audio. Baadhi ya Blu-ray za kukodi ziliwekewa Dolby Digital ya kawaida, ileile familia ya sauti iliyokuwa kwenye DVD. Mwenye spika za televisheni tu hatasikia tofauti. Mwenye mfumo wa spika tano na besi ataisikia, hasa kwenye muziki na mvua.

Nasikia kuna diski za kukodi zisizo na maandishi kwa ajili ya viziwi. Ni kweli?

Ni kweli kwa baadhi ya diski, na ndilo jambo linaloniudhi kuliko mengine yote katika habari hii.

Maandishi kwa ajili ya viziwi na wenye usikivu hafifu hayaonyeshi maneno ya waigizaji peke yake. Yanasema pia mlango umegongwa, simu inaita, mtu anazungumza akiwa nje ya picha. Bila hayo kiziwi haoni filamu, anaona watu wakifungua midomo. Kuyaita nyongeza ni kuyaweka kundi moja na mahojiano ya waigizaji, na hayako kundi hilo. Hayachukui nafasi ya maana kwenye diski, na yalikuwa yameshaandaliwa kwa ajili ya toleo la kuuza. Kuyaacha hakukuokoa gharama yoyote inayoeleweka. Kiziwi aliyekodi kwa dola moja akarudi nyumbani na familia yake alibaki nje ya jambo ambalo wengine wote sebuleni walikuwa ndani yake. Nao wengi wetu tunaotazama filamu kwa Kiingereza ambacho si lugha ya nyumbani tunayategemea maandishi hayo kuliko tunavyokiri.

Kuna jambo la kiufundi la kuangalia kabla hujailaumu diski. Baadhi ya DVD za Marekani hubeba maandishi kwa njia ya zamani ya televisheni, yaliyofichwa ndani ya ishara ya picha yenyewe. Waya wa HDMI haupitishi maandishi ya aina hiyo. Ukiwa unatumia HDMI na huyaoni, jaribu kuunganisha deki kwa zile waya tatu za rangi, njano, nyeupe na nyekundu, kisha washa maandishi kwenye televisheni yenyewe. Hii inasaidia kwenye televisheni za Marekani, na wakati mwingine diski uliyodhani haina kitu inakuwa nayo.

Nitaitambuaje diski ya kukodi kabla sijailipia?

Anza na uso wa diski. Ya kuuza kwa kawaida ina picha ya filamu. Ya kukodi mara nyingi ina rangi moja, kijivu au nyeupe, na jina la filamu kwa herufi tupu. Nyingi zimechapwa neno RENTAL, wakati mwingine kwa herufi ndogo sana pembeni karibu na maelezo ya hakimiliki, kwa hiyo igeuze kwenye mwanga na usome ukingo wote.

Kisha angalia alama za mkodishaji. Diski iliyopita Redbox huwa na kibandiko cha alama za mraba katikati, karibu na tundu, cha kusomwa na mashine. Iliyopita Netflix haina jalada kabisa, iko kwenye kifuko cheupe chenye mistari ya kusomwa na maelezo mafupi ya filamu. Alama hizo hazithibitishi kwamba diski ni pungufu, kama nilivyoeleza kuhusu zile zilizonunuliwa Walmart. Zinakuambia tu uchunguze zaidi.

Usiliamini jalada. Wauza mitumba huokota jalada zuri na kutia diski yoyote ya filamu hiyo ndani yake. Nimeona wengi wakisoma nyuma ya jalada kwa makini sana bila kuligeuza diski lenyewe, na diski ndiyo wanayoondoka nayo.

Ukiwa na kompyuta yenye kisomeo, tazama ukubwa wa data. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7 na ya tabaka mbili 8.5. Blu-ray ni 25 na 50. Filamu ya saa mbili iliyosifiwa kwa nyongeza nyingi ikiwa imejaza gigabaiti nne na ushee tu, kuna uwezekano mkubwa ni ya kukodi. Ukinunua mtandaoni, mwombe muuzaji picha ya uso wa diski. Anayekataa kutuma picha hiyo, mwache.

Kwa nini sasa hivi ziko nyingi hivyo kwenye mitumba?

Kwa sababu wakodishaji wakubwa wamefunga. Blockbuster ilifilisika mwezi Septemba 2010, na duka la mwisho lenye jina hilo liko Bend, Oregon. Netflix ilipeleka diski yake ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023, baada ya kutuma zaidi ya bilioni 5.2 katika miaka 25, na iliwaruhusu wateja wa mwisho wabaki na diski walizokuwa nazo. Redbox iliangukia mahakama ya ufilisi mwaka 2024, ikaacha mashine maelfu kwa maelfu zikiwa na diski ndani.

Baadhi ya mikataba ya Redbox na studio ilitaka diski ziharibiwe zikimaliza kazi yake, lakini nyingine nyingi ziliuzwa kwenye mashine zilezile kwa dola chache. Hizo zote sasa zinazunguka.

Je, kuna programu ya kuzifungua nyongeza zilizofichwa?

Hazijafichwa. Hazimo. Anayekuuzia programu ya kuzifungua anakuibia.

Nimenunua diski mpya dukani, imefungwa kwa nailoni, na bado haina kilichoandikwa kwenye jalada.

Rudisha ukiwa na risiti na jalada. Duka likisema haliwezi kubadilisha diski iliyofunguliwa, waandikie studio ukiambatanisha picha ya nyuma ya jalada na picha ya uso wa diski. Kabla ya hapo soma jalada kwa utulivu, kwa sababu Marekani kulikuwa na mtindo wa kila duka kubwa kuwa na toleo lake. Target walikuwa na diski ya ziada ambayo wengine hawakuwa nayo, na Best Buy kadhalika kabla hawajaacha kuuza diski mwaka 2024. Huenda ulichosoma mtandaoni kilikuwa kwenye toleo la duka jingine.

Kukodi mtandaoni kuna nyongeza?

Mara nyingi hakuna. Apple ilipoanzisha nyongeza kwenye iTunes mwezi Septemba 2009, iliziweka kwa anayenunua filamu, anayekodi hakupewa. Mgawanyo ni uleule wa diski. Na anayelipia huduma ya mwezi hupata filamu tupu, isipokuwa chache ambazo mwenye huduma ameamua kuziwekea.

Shangazi ameniletea diski kutoka Marekani. Hapa Dar es Salaam deki inasema haiwezi kuisoma.

Hilo ni suala jingine, linaitwa kanda za dunia, yaani maeneo ambayo diski imeruhusiwa kuchezwa. DVD za Marekani ni za kanda ya 1, Afrika Mashariki iko kanda ya 5. Kwa Blu-ray Marekani ni A, sisi ni B. Diski iliyofungwa kwa kanda yake haitacheza kwenye deki ya kanda nyingine. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo au River Road hazijali kanda ya DVD, zinasoma zote, kwa hiyo jaribu kwa jirani kabla hujakata tamaa. Blu-ray ni ngumu zaidi, ingawa baadhi ya diski hutolewa zikiwa huru kwa kanda zote.

Shangazi akiwa bado yuko huko, mwombe aangalie uso wa diski kabla hajafunga sanduku. Na kama anakuletea kwa ajili ya masomo ya filamu, mwambie hivyo waziwazi, maana yeye anaweza kudhani unataka filamu ya kutazama tu na diski yoyote itafaa.

Ninayo diski ya kukodi na siitaki. Naweza kuiuza?

Kwa sheria ya Marekani, diski iliyokwisha kuuzwa au kutolewa kihalali unaweza kuiuza. Andika kwenye tangazo kwamba ni toleo la kukodi, na ushushe bei. Anayetaka filamu tu ataifurahia.

Leo nikitaka kukodi diski yenye kila kitu, niende wapi?

Maktaba za umma za Marekani ndizo za kwanza ningezijaribu. Kwa kawaida hununua matoleo ya dukani, zinaazimisha bure, na kama jalada lina diski mbili, zote mbili zimo. Isipokuwepo kwenye tawi lako, omba iletwe kutoka tawi jingine au maktaba ya mji mwingine.

Seattle kuna Scarecrow Video, isiyoendeshwa kwa faida tangu 2014, yenye filamu zaidi ya 140,000, nyingi zikiwa hazipatikani mtandaoni hata kidogo, nayo hukodisha kwa posta. Portland kuna Movie Madness. Kwa walioko Uingereza, Cinema Paradiso bado inapeleka DVD na Blu-ray kwa posta, wakati Lovefilm iliacha mwaka 2017. Ukiandikia duka lolote kati ya haya, taja jina la filamu, mwaka wa toleo unalolitaka na nyongeza unayoitafuta, kwa mfano maelezo ya mpiga picha. Filamu moja hutolewa mara tatu au nne kwa miaka tofauti, na maelezo unayoyataka yanaweza kuwa kwenye toleo moja tu.